Yaya anajibu: sekretere, zamu na wale wengine wanaoshikilia masomo

Jambo yenu wote. Tarehe 30 ya mwezi wa nne imepita, siku ya elimu ya taifa, walimu wakavaa vitenge vya kufanana, watu wakakula bukari na nyama, ilikuwa vizuri kabisa na walimu wanastahili. Ila barua zilizofika kisha hapo hazikutoka kwa walimu. Zilitoka kwa watu wa biro, wa mlango (njo mazamu, walinzi), wa fagio, na moja kwa mzazi aliyekasirika. Nikaona mwezi huu ukurasa wote uwe wao.

Mi niko nani kwa ile masomo?

*Yaya jambo. Mi niko sekretere kwenye masomo (shule) ya segondere ya serikali hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, ni mwaka wa tisa sasa. Asubuhi naingia mbele ya prefe, mkubwa wa masomo, magaribi natoka nyuma yake. Siku ile ya tarehe 30 walimu walipewa kitenge, sisi wa biro hapana, wakasema siku ni ya walimu. Halafu sina matriculi (namba ya mtumishi wa serikali), makuta yangu inatoka ku primu ya wazazi, ile pesa wazazi wanatoa, wazazi wakichelewa nami nachelewa. Swali yangu: mi niko nani kwa ile masomo? Na nitamekanizwa (kuingizwa kwenye listi ya mishahara ya serikali) siku moja ao nitazeekea hapo? — Sekretere wa Kenya*

Mama sekretere, barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikaiweka chini nikatembea kidogo ndani ya nyumba, juu mimi pia nilikaa kwenye kiti kama hicho miaka 11 na najua vile mgongo unauma ukitoka hapo saa kumi na mbili ya magaribi.

Tuanze na kitenge. Tarehe 30 ya mwezi wa nne kwetu Congo ni siku ya elimu, haikuandikwa siku ya walimu peke yao. Siku ya walimu ya dunia nzima ni ile ya tarehe 5 mwezi wa kumi, inafanywa tangu 1994. Kwa hiyo aliyekuambia siku haikuhusu alichanganya tarehe mbili, na mwaka kesho umwambie kwa heshima mbele ya vitenge kununuliwa, si nyuma.

Sasa unauliza wewe ni nani. Ngoja nikuambie kitu kimoja kilichonipata. Siku moja ya mvua, mlango ulipigwa, akaingia mwanaume mmoja na watoto wawili nyuma yake, viatu vimejaa matope. Alisoma kwetu zamani, akamaliza 1998, akapoteza makaratasi yote katika kuhamahama, na sasa kulikuwa kampuni ya mine upande wa Kolwezi inayotaka kumupa kazi lakini inadai ushuhuda kwamba kweli alisoma. Prefe alikuwa mpya, hamujui. Walimu wa wakati ule wengine walikufa, wengine wako Zambia. Nikapanda kwenye kiti nikashusha registre matricule, kile kitabu kikubwa chenye mgongo mwekundu kilicholiwa na mende kwenye kona, nikapuliza vumbi, nikafuata kwa kidole: jina, jina la baba, pahali pa kuzaliwa, tarehe ya kuingia. Alikuwepo. Mtu mwenye mwandiko wa kulala upande alimwandika siku alipoingia, sijui hata ni sekretere gani, na miaka mingi kisha hapo ule mwandiko ukamupa yule baba kazi. Alilia pale mbele ya meza yangu, na watoto wanamwangalia.

Njo wewe ni nani, mama. Wewe ni mwenye ule mwandiko.

Na si ya zamani tu. Angalia orodha ya wale wa egzetat, mtihani wa serikali wa kumaliza segondere. Mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa anaitwa Muamba, kwenye cheti cha primere Mwamba, kwenye bulletini mwalimu aliandika Mwemba juu alikuwa na haraka. Ni moja, lakini kompyuta ya Kinshasa haijui ni moja. Nani anashika zile karatasi tatu usiku, anapiga simu kwa wazazi, anasahihisha mbele orodha haijafungwa? Mwalimu wa hesabu anaweza kumufundisha mtoto mpaka apate asilimia 70, na ile herufi moja ikamzungusha miaka akitafuta diploma yenye jina lake. Sisemi kupunguza mwalimu. Nasema kazi ni moja na ina mikono mingi.

Sasa makuta. Ile huduma ya mishahara tuliyozoea kuita SECOPE, leo inaitwa DINACOPE, na kwa jina lake refu imetaja walimu *na* watu wa administrasio wa masomo. Kwa hiyo sekretere ana haki ya kumekanizwa, si msaada. Kuna wa aina mbili wanaosubiri: kuna wanaoitwa "nouvelles unités", hao hawana hata matriculi, na kuna "non payés", hao matriculi wanayo lakini mshahara haujaingia. Wewe uko wa kwanza. Kitu unachopaswa kulinda kama yai ni dosie yako: barua ya kupewa kazi, karatasi inayoonyesha siku ulipoanza, kopi ya diploma, karta ya elektere (ya mpiga kura). Kama ulianza kwa mdomo tu, kama wengi wetu, umwombe prefe leo akuandikie ya kuonyesha tangu lini unatumika, aweke muhuri. Halafu uulize maswali mawili bila haya: masomo yenyewe imemekanizwa na arete yake (amri ya serikali) iko wapi, na posti ya sekretere imehesabiwa kwenye muundo wa masomo? Juu kuna watu wanasukuma dosie miaka mitano na posti haikuandikwa popote. Kama masomo yenu ni ya kanisa, dosie inapita kwa kordinasio ya lile kanisa, kama si ya kanisa inapita kwa sous-division, biro ya serikali ya mambo ya masomo. Na kila karatasi unayopeleka, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye kopi yako. Wewe unayelinda dosie za watoto 800 ya watu, na yako pia iwe na folda.

Kama kuna mtu anakuambia umpe franga ndiyo dosie itembee, usitoe. Najua ni rahisi kwangu kusema. Lakini nimeona waliotoa mara tatu na bado wanangoja.

Gratuite, masomo ya bure, iko wapi?

*Yaya, watoto wangu wawili wako primere ya serikali hapa Katuba. Juma iliyopita direkta alituma kila mtoto alete 3000 franga "ya zamu na usafi", wa pili wangu akarudishwa nyumbani juu sikuwa nayo. Si walisema primere ni bure? — Baba wa Katuba*

Baba, uko na haki, na nitasema waziwazi: mtoto wa primere ya serikali harudishwi nyumbani juu ya pesa. Katiba ya 2006, artikle 43, inasema masomo ya primere ni lazima na ni bure kwenye masomo ya serikali, na tangu rentre (kufungua mwaka wa masomo) ya mwezi wa tisa 2019 serikali ilisema sasa inaanza kutumika kweli. Hapa zinaingia pia zile za makanisa zenye mkataba na serikali, wazazi wengine wanadhani hazimo, zimo. Segondere ni mambo mengine, kule kuna pesa inayowekwa na arete ya gavana kila mwaka na nje ya ile arete hakuna mwenye kuongeza kwa mapenzi yake.

Lakini niruhusu nikuonyeshe upande wa pili, juu direkta wako pengine si mwizi. Wazazi wa umri wangu wanakumbuka 1992 na 1993, walimu waligoma, serikali ya Mobutu hailipi, mwaka mzima ukataka kupotea, njo makanisa na wazazi wakakubaliana wazazi watoe kitu kwa mwalimu ili watoto wasome. Ilikuwa ya kusaidia kidogo tu. Ikakaa zaidi ya miaka 25. Na ndani ya ile pesa ya wazazi, mwalimu alikata sehemu yake, na zamu, mwenye kufagia, mpiga kengele, wote walikula humo humo. Gratuite ilipoingia, mfuko ule ukafungwa. Mwalimu aliyemekanizwa akaongezewa mshahara. Zamu ambaye hakuwa kwenye listi yoyote, jioni moja tu akabaki bila kitu, na bado usiku anakuja kulala kwenye mlango wa masomo juu asipokuja mabati yataondoka, na madawati pia.

Nendeni mumuangalie. Mwezi wa sita baridi ya Lubumbashi munaijua. Ana mbabula (jiko la makala) moja iliyotobolewa na kiganja cha makala, kapoti ya zamani, na asubuhi yeye ndiye anapiga ile janti ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, kwa chuma, saa moja na nusu, hakuchelewa hata siku moja. Direkta anamwangalia kila asubuhi usoni. Ndiyo sababu akakosea, akaandika 3000 kwa watoto.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiende kupiga kelele mlangoni. Nenda na wazazi wenzako watatu ao wanne kwa komite ya wazazi, COPA, muombe mkutano. Museme mambo mawili pamoja: kwanza hakuna mtoto kurudishwa tena, hilo halijadiliwi. Pili, direkta alete kwenye mkutano hali ya watu wake ambao hawalipwi, ni wangapi, dosie zao zimefika wapi, na ile pesa ya kuendesha masomo inayotoka kwa serikali imeingia ao haijaingia. Kama wazazi kwa moyo wao wanataka kumpa zamu unga na makala, wampe wenyewe, mkono kwa mkono, iandikwe kwenye kaye ya komite nani alitoa nini. Mtoto asibebe ile kazi. Mtoto wako wa pili, nilifikiri juu yake sana, aliyetembea kurudi nyumbani peke yake saa mbili ya asubuhi wenzake wanaingia kalasi. Mwambie haikuwa kosa lake.

Miaka sita bila karatasi

*Yaya mimi ni zamu kwenye asbl (shirika lisilotafuta faida) moja hapa Bel-Air, miaka sita. Sikupewa kontra (mkataba wa kazi). Wiki jana shefu aliniambia fondi zimeisha, kesho usije. Je kuna kitu naweza kudai ao juu sina karatasi nimepoteza? — Zamu wa Bel-Air*

Mdogo wangu, hukupoteza. Watu wengi wanaamini bila karatasi hakuna kontra, na mabwana wengine wanapenda tuamini vile. Kode ya kazi ya 2002 inasema kontra ya kazi iandikwe, na kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa ni ya muda usio na mwisho, mpaka kuwe ushahidi wa kuonyesha vingine. Soma tena polepole. Kukosa karatasi hakukufanyi uwe mgeni aliyepita, kunakufanya mtumishi wa kudumu.

Na mtumishi wa vile haambiwi "kesho usije", isipokuwa alifanya kosa kubwa. Anapewa siku za taarifa: siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima uliotumika unaongeza siku 7. Wewe miaka sita, ni 7 mara 6, inakuwa 42, ongeza 14, ni siku 56 za kazi. Ama unazitumika unalipwa, ama wanakulipa uende. Pia kuna konje (likizo) ambazo pengine hukuchukua hata moja. Na kuna CNSS, mfuko wa serikali wa pensheni na misaada ya watumishi, ile iliyoitwa zamani INSS: mtumishi anakatwa asilimia 5 na bwana kazi anaongeza 13 yake. Uende ku biro yao uulize kama jina lako lipo. Kama walikuwa wanakukata na hawakupeleka, ni jambo zito.

Ushahidi unao, hata kama hujui. Mesaji za simu zile makuta yako ilipoingia kila mwezi. Kile kitabu cha wageni, ni mwandiko wa nani kila ukurasa? Wako. Mama anayeuza maandazi mbele ya mlango amekuona miaka sita. Ukiisha kukusanya, nenda kwa inspekta wa kazi, kuandikisha malalamiko hakuhitaji avoka, atawaita wote wawili kupatanisha mbele jambo halijaenda tribinali. Uende mapema, usingoje hasira ipoe ndipo uanze kutafuta. Na uongee na shefu kwa upole, pengine fondi kweli zimeisha, lakini fondi zikiisha deni la mtumishi haliishi nazo.

Nyinyi wa maasbl munaosoma hapa: kwenye bajeti ya projé yenu kuna mstari wa semina, mstari wa mafuta ya gari, mstari wa banderole. Andikeni na wa zamu.

PATO wakigoma mbona kila kitu kinasimama?

*Jambo Yaya, niko univerisite mwaka wa pili. Mwaka jana PATO waligoma, maprofesa walikuwa wanafundisha lakini hatukuweza kufanya kitu. PATO ni nani hasa? — Mwanafunzi, Lubumbashi*

Ni herufi tu, watu wa administrasio, wa teknike na wafanyakazi wa mikono. Kwenye univerisite zetu kuna makundi matatu: maprofesa, halafu waasistanti na shefu de travo, halafu PATO. Wawili wa kwanza unawaona kwenye oditorium. Wa tatu unamwona tu ukiwa na shida.

Profesa akimaliza kosi anatoa kota (maksi), anaenda. Kuanzia hapo, kota yako iko mkononi mwa PATO: aliyekuandikisha aparitora (biro ya kuandikisha wanafunzi), anayeingiza kota, anayetayarisha karatasi za juri, anayetoa releve (karatasi ya maksi), anayefungua laboratware na anajua ni mikroskopu gani imekufa, wa biblioteke, wa jenereta SNEL, kampuni ya umeme, ikikata. Wewe mwenyewe uliona, kosi zilitolewa lakini hamukuwa na kitu cha kuonyesha nyumbani.

Fikiria UNILU, univerisite ya Lubumbashi. Ilianza 1956 kama univerisite ya serikali, mji ukiitwa bado Elisabethville. 1971 Mobutu akaunganisha univerisite zote tatu za nchi kuwa moja, UNAZA, fakilte zikagawanywa, wa leta (fasihi) na sayansi za jamii wakatumwa kwetu huku. 1981 ikagawanyika tena. Jina la nchi likabadilika, la mji pia, la masomo pia. Na mzee aliyesoma hapo 1975, akija leo kuomba releve, kuna mtu kwenye korido fulani anayejua ni kwenye kabati gani. Makabati hayana matangazo. Yuko mtu aliyeyahamisha kila mvua ilipopita kwenye paa, na hakuna aliyemvalisha toga.

Kwa hiyo ukienda aparitora, usipige meza. Salimia kwanza, "jambo mama, uliamkaje", halafu ueleze. Si ujanja wa kupata haraka. Ni salamu tu.

Fupi ya mwisho

*Yaya, sisi ni wa terminale (mwaka wa mwisho). Zamu wetu Papa anaenda retrete (kustaafu) mwezi wa saba, tunataka kumpa kitu siku ya proklamasio, tumechanga kidogo. Tumpe nini? — Wa finalisti wa Kamalondo*

Watoto wangu, mumenifurahisha sana. Pesa mulizochanga mumpe, zote, kwenye bahasha, musinunue saa ya ukutani. Lakini ongezeni kitu kimoja kisichogharimu. Muombe prefe amuandikie karatasi ya kuonyesha amefanya kazi tangu mwaka gani mpaka mwaka gani, yenye sinyature na muhuri, itamsaidia kwa mambo ya retrete na watoto wake wataiweka. Halafu siku ile, mbele ya kusoma majina yenu na asilimia, muombe lisomwe jina lake kwa mikro.

Sasa, jina lake kamili munalijua? Wote munamwita Papa Zamu. Pitieni kesho kwa sekretere, analo kwenye dosie, na muhakikishe na mzee mwenyewe analiandika vipi, na *mwa* ao na *mua*, mbele karatasi haijapigwa muhuri.